Debe Linajaa kwa Arobaini

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Mwalimu Nzuki, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, amenipa daftari hili la kurasa tisini na sita na kuniambia niandike humu namba moja kila wiki. Namba moja! Mtu aliyekaa Mombasa miaka kumi na minne, aliyefunga mabomba katika hoteli wanazolala Wajerumani, anapewa daftari zima kwa namba moja. Basi nimekata shauri: mbele nitaandika ya kamati, na nyuma, nikiligeuza juu chini, nitaandika yangu. Shule niliachia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unaushinda wa chifu, na chifu mwenyewe anajua.

Mjukuu wangu akiliokota siku moja, ajue hivi. Maji yetu yanatoka mlimani, kwenye chemchemi ya Muthuluni iliyo katika shamba la Nzomo. Yanateremka kwa bomba maili tano mpaka tangi la soko letu huku chini, ambako mvua hukumbuka kuja ikipenda. Mtaro tuliuchimba sisi wenyewe mwaka wa sabini na saba, wanaume na wanawake, kwa mwethya, leo unachimba kwangu kesho nachimba kwako. Nzomo alitoa chemchemi bure. Na mimi, Ndeti, ndiye ninayeshika spana ya vali. Kila Ijumaa napanda, naweka debe chini ya bomba la chemchemi, natazama saa yangu niliyopewa na kapteni wa meli, nahesabu debe linajaa kwa sekunde ngapi. Jumamosi nasoma hesabu mbele ya watu, nao wanajua kama waishi au wahame.

Ijumaa, 7 Septemba
Arobaini. Kama mwezi wa nane, kama mwezi wa saba. Nzomo alinipa chai na kiazi. Alisema ukungu haulali tena juu ya mlima kama zamani, asubuhi unapita tu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Nilimwambia ukungu umehamia Mombasa, nimeuona huko ukinywa soda. Hakucheka. Nzomo ni mtu mzuri lakini kucheka kwake ni mara moja kwa msimu, kama mbaazi.

Jumamosi, 8 Septemba
Nilisoma hesabu pale tangini. Huwa naisema kwa Kiswahili, si kwa Kikamba, watu wasikie mtu aliyesafiri: "A-ro-ba-i-ni!" Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu wazee wakaanza kubishana kuhusu jina. Kwetu kila ukame lazima uwe na jina, la sivyo watu watahesabuje umri wa watoto? Mmoja alitaka huu uitwe Vumbi, mwingine Mahindi ya Njano, kwa yale ya msaada. Nikawaambia, "Wazee, poleni, huu nitaupa jina mimi." Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Ijumaa, 14 Septemba
Sikupanda. Goti liliuma.
Hapana. Ukurasa huu ni wangu, sitaudanganya. Goti halikuuma. Nilikuwa Kalamba, mtu alichinja mbuzi, wakaniomba hadithi ya yule Mjerumani aliyemshika pweza akidhani ni kofia yake. Hadithi ile haina mwisho mfupi. Nilipomaliza jua lilikuwa limeegemea magharibi. Mbele nimeandika arobaini. Ya wiki jana ilikuwa arobaini, ya wiki kesho itakuwa arobaini. Mlima si mlevi.

Jumamosi, 15 Septemba
Arobaini. Vigelegele.

Jumatano, 19 Septemba
Jua. Mbwa wa jirani yangu Mutie amelala katika kivuli cha punda, na punda akihama anahama naye.

Ijumaa, 21 Septemba
Sabini na mbili.

Niliitikisa saa. Nikamwaga, nikaweka debe tena. Sabini na moja. Mara ya tatu sabini na mbili. Nikachungulia bomba, labda kuna jani, labda chura. Hakuna jani, hakuna chura. Nzomo alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Wiki jana ilikuwa ngapi?" akaniuliza.

"Si unajua."

"Ninajua hukuja."

Nikacheka. Yeye akanipeleka kwenye shamba lake la kabichi. Lilikuwa jangwa, mashina makavu tu. "Tangu Agosti," akasema, "nilipoona ukungu haulali tena nikawaachia mbuzi. Huko chini kuna watu wengi kuliko kabichi zangu." Akanipa chai, na leo hakukuwa na kiazi.

Nimerudi nikiyapanga maneno njiani. Kesho nitasema sabini na mbili. Lakini wataniuliza: kutoka arobaini hadi sabini na mbili kwa wiki moja? Nzuki ni mwalimu wa hesabu, atashika kalamu, atataka kujua. Na mimi nitasema nini? Kwamba nilikuwa nampa pweza miguu ya ziada wakati mlima unakufa?

Jumamosi, 22 Septemba
Nilisema arobaini.

Jumapili, 23 Septemba
Mhubiri alisoma habari za Anania aliyeanguka akafa kwa uongo mmoja. Mimi nimesema mara mbili. Nilikula ugali vizuri.

Jumanne, 25 Septemba
Leo Mutie alikuwa anaondoka na ng'ombe wake kwenda Kibwezi, kwenye mito inayotoka chini ya vilima vya Chyulu. Ni mwendo wa siku tatu. Alikuwa anachukua na wa majirani, yeyote anayetaka. Na soko lilikuwa na Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa. Anapita na lori kununua ng'ombe kabla hawajawa mifupa.

Syokau akaja kwangu. Syokau ni mjane wa Muthama, rafiki yangu. Tulichimba mtaro mimi na Muthama kipande kimoja, yeye sururu mimi koleo, na alipokufa aliacha madume mawili ya plau, Sajini na Kopulo. Aliyaita hivyo kwa sababu alikuwa askari wa Mwingereza na hakuwahi kuwapigia makelele wakubwa wake, akataka apate wa kuwapigia nyumbani. Nyumba ile inakula kwa madume yale. Mvua ya kwanza ikinyesha wanalima kwao, halafu wanalimia wengine.

"Shemeji," akasema, "nizungumzie kama ungezungumza na Muthama. Niwapeleke na Mutie, au wabaki? Wakibaki nitawanywesha kwa maji ya tangi, fungu langu lote la siku."

Ahmednur akadakia, "Mama, uza leo, ng'ombe bado wana makalio. Mwezi ujao nitanunua ngozi."

"Ahmednur," nikamwambia, "wewe umezaliwa jangwani, kila wingu kwako ni vumbi."

"Na wewe umezaliwa chini ya mfereji? Kwetu tuna mto mkubwa kuliko huu mlima wako, na tunauogopa kila siku."

Watu wakacheka, na mimi nikicheka na watu kichwa hakifanyi kazi. Nikamgeukia Syokau. Nilijua sabini na mbili. Niliijua kama jina langu. Nikasema, "Shemeji, madume ya kulima hayatembezwi siku tatu, yatafika yamekonda. Mlima huu haujawahi kutuacha. Debe linajaa kwa arobaini."

"Basi," akasema, "nimeamini." Akawarudisha nyumbani.

Mutie akanitazama, akapiga ng'ombe wake fimbo, wakaenda.

Ijumaa, 28 Septemba
Mia moja thelathini na moja. Nzomo alihesabu pamoja nami, kwa sauti. Hakuniuliza nitasema nini.

Jumamosi, 29 Septemba
Nilisema arobaini na mbili. Nilitaka ukweli uanze kuingia kidogokidogo, kama mgeni anayetanguliza mguu mmoja. Nzuki akaandika, akasema, "Si mbaya." Hakuna aliyeona huo mguu.

Jumatatu, 1 Oktoba
Mke wangu Mbinya: "Baba Ndinda, una nini? Tangu juzi hujataja Mombasa hata mara moja. Tukuite daktari?"

Alhamisi, 4 Oktoba
Mfereji wa tangini unatoa uzi tu wa maji. Wanawake wanapanga vibuyu na madebe tangu alfajiri, foleni inafika kwenye kinu cha posho. Nimesikia wakisema, "Huko juu wanamwagilia kabichi." Nilikuwa nimeshika spana. Nilijifanya nafunga nati.

Ijumaa, 5 Oktoba
Dakika tano na sekunde sita. Tulikaa kwenye mawe mimi na Nzomo tukilitazama debe kama watu wanaongoja mgonjwa aseme.

Kesho nitasema.

Jumamosi, 6 Oktoba
Hakukuwa na mkutano. Nzuki alikuwa kwenye maziko Kanyangi, ng'ambo ya mto. Nilimshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kumpa shukrani ya namna hiyo.

Jumanne, 9 Oktoba
Mfereji wa tangini umekauka. Watu wanachimba mchanga mtoni. Kisima kimoja kimezidi kimo cha mtu, na chini ni matope ya rangi ya chai. Kama wangeanza wiki tatu zilizopita wangechimba taratibu, kwa mwethya, na kuta za mawe. Sasa kila mtu anakwaruza peke yake kama kuku.

Alhamisi, 11 Oktoba
Sajini ameanguka. Nilikwenda. Tulimwinua kwa magogo, watu sita, akasimama, miguu ikatetemeka, akaanguka upande ule ule. Syokau alikuwa anamnywesha kwa sufuria, maji aliyochota mtoni tangu asubuhi, yakimwagika mdomoni. Hakunilaumu. Alisema, "Shemeji, asante kwa kuja. Ni hao wa mlimani. Mungu anawaona." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Adhuhuri dume likafa. Kopulo akaja akamnusa, akasimama pale upande wa kushoto, mahali pake pa plau.

Nimekula? Nilimjibu nimekula.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nitaandika yote, hata kama wino utaisha.

Watu walijaa tangini kuliko siku ya harambee. Vijana walikuja na sururu na mapanga. Shauri lilikuwa limeshakatwa njiani: Jumatatu wapande mlimani, wang'oe uzio wa chemchemi, wamfukuze Nzomo kwenye kamati, na walilime lile shamba la kabichi mpaka lisahau. Nzomo mwenyewe alikuwa amekuja. Ameteremka maili tano kwa miguu, mzee wa miaka sitini na kitu, akasimama katikati na kofia mkononi.

Nzuki akavaa miwani, akaniomba daftari, akalifungua. Daftari hili. Mbele.

"Sikilizeni. Tarehe saba, arobaini. Kumi na nne, arobaini. Ishirini na moja, arobaini. Ishirini na nane, arobaini na mbili. Ndiyo hesabu ya mwisho kusomwa. Chemchemi inatoa vilevile, tangi letu limekauka. Mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini na tisa. Maji yakiingia juu na yasitoke chini, kuna mtu katikati. Nzomo, una neno?"

Nzomo akasema, "Muulizeni aliyehesabu." Basi. Hakunitazama.

Nikasimama. Na kabla sijafungua mdomo, watu wakaanza kucheka! Walikuwa na hasira, wana kiu, na Ndeti akisimama ni kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Tuambie ya pweza kwanza!"

"Nilidanganya," nikasema.

Wakacheka zaidi.

"Debe lilikuwa sabini na mbili. Nikasema arobaini. Likawa mia moja thelathini na moja. Wiki iliyopita dakika tano. Nzomo hana kosa."

"Ndeti," Nzuki akasema kwa upole, "si leo, ndugu yangu. Najua unataka kumwokoa rafiki yako. Kaa chini."

Miaka yote nimeuza uongo wakaununua. Siku moja naleta ukweli, nakuta sina mteja. Kisha nikaenda, nikalichukua daftari mikononi mwa Nzuki, nikaligeuza juu chini, nikalifungua nyuma, nikamrudishia.

Akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Goti. Mbuzi. Pweza. Walicheka kidogo kwenye mbwa na punda. Alipofika kwenye mashina ya kabichi, vijana wakaanza kushusha sururu chini, moja moja. Alipofika tarehe ishirini na tano alisita, akanitazama. Nikamwambia endelea.

"Nilijua sabini na mbili. Niliijua kama jina langu."

Syokau alikuwa ameketi juu ya debe lake tupu, mbele kabisa. Alisikiliza mpaka "nimeamini". Akasimama, akajifunga leso, akaenda nyumbani. Debe akaliacha. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Ni mama mmoja wa foleni aliyesema, bila kelele, "Siku za mwizi ni ngapi, Ndeti?" Nzuki akabaki na daftari.

Nzomo nilimsindikiza mpaka mwanzo wa kilima. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema mapema? Ulijua."

"Nilipaswa," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Na hilo ni kosa langu, wewe una lako." Akavaa kofia. "Ningesema mimi, ungekuwa mwongo. Umesema mwenyewe, sasa wewe ni mjinga. Mjinga hukaribishwa chai."

Niliandika haya kwenye karatasi ya sukari. Nimeyabandika humu baadaye.

Jumapili, 14 Oktoba
(Karatasi ya sukari pia.) Nililijaza debe la Syokau mtoni, safari mbili kwa sababu mara ya kwanza lilimwagika. Nikaliweka mlangoni kwake. Halikuingizwa ndani mpaka nilipoondoka.

Jumanne, 16 Oktoba
Daftari limerudi. Nzuki amelisahihisha kwa kalamu nyekundu! "Adhuhuri" ameiwekea alama ya vema, pweza amempa alama ya kuuliza, na chini ya tarehe ishirini na moja ameandika: Hapa ndipo ulipotakiwa kusema. Kama mtoto wa darasa la nne. Nilicheka, halafu nikakaa chini nyuma ya ghala.

Kamati imehukumu. Mbuzi mmoja, aliwe na wote. Spana niendelee kuishika, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuifungua vali ile bila kuivunja (hapo nilijivuna kidogo, samahani). Lakini nitapanda kila siku, si kila Ijumaa, na kila siku mtu wa nyumba nyingine atapanda nami aione chemchemi kwa macho yake. Kisha niteremke nikiitangaza hesabu kila mlango. Na mchanga wa mto unachimbwa kwa mwethya kuanzia kesho, mimi nikiwa shimoni, chini kabisa.

Jumamosi, 20 Oktoba
Dakika saba. Nimeitangaza kwenye milango thelathini na minane. Kwa Syokau niliisema kutoka langoni. Alijibu kutoka jikoni, "Tumesikia."

Jumatano, 24 Oktoba
Ahmednur amepita. Nilimpeleka nyuma ya lori nikamwonyesha baisikeli yangu ya Mombasa, ile yenye taa na kengele mbili, na redio juu yake, na nikavua saa ya kapteni.

"Nipe dume moja linaloweza kufundishwa plau."

"Saa inafanya kazi?"

"Inafanya. Mwenyewe ndiye aliyeharibika."

Baisikeli na redio akavipokea, saa akanirudishia. "Hiyo utahesabia maji," akasema. Akateremsha dume jekundu, mbavu nje, pembe moja imekatika, macho ya kichaa. Nilipomfikisha kwa Syokau alitoka, akamzunguka, akamshika mdomo akatazama meno.

"Huyu hajui plau."

"Hajui."

"Nani atamfundisha?"

"Mimi."

"Na wewe unajua?"

"Sijui."

Hapo nusura acheke. Hakucheka. "Mfunge pale na Kopulo," akasema. "Ataitwa Mombasa. Makelele mengi, kazi hatujaona."

Ijumaa, 2 Novemba
Mvua! Tangu asubuhi. Mbinya amesimama uani na nguo za Jumapili, hajali.

Jumatatu, 5 Novemba
Tumelima kwa Syokau. Kopulo alijua kila kitu na alikasirika kama askari aliyepewa kuruti. Mombasa aliniburura mara tatu kwenye mtaro, mbele ya watu, mdomo umejaa udongo. Majirani walikaa kwenye ukingo wa shamba kama wako sinema. Kufikia mchana tulikuwa na mistari tisa, imepinda kama mwandiko wa daktari. Syokau alitembea nyuma akidondosha mahindi na kunde. Mwisho wa mstari wa tisa alinipa maji kwenye kibuyu.

"Sajini angemaliza shamba zima," akasema.

"Najua."

"Nataka ujue kila mwaka."

"Nitajua, shemeji."

Akachukua kibuyu. Akaniita tuanze mstari wa kumi.

Ijumaa, 9 Novemba
Mvua bado inanyesha, mto umejaa maji mekundu, na huku chini watu wanaimba. Nilipanda na Mbinya. Alikuwa hajawahi kuiona chemchemi. Alishangaa ni ndogo hivyo, alidhani ni kama bahari kwa jinsi nilivyoisimulia. Nzomo alisema mlima hulewa polepole, maji ya leo yatatokea huku labda Januari, na ukungu ukiwa umehama kweli, labda siku moja yasitokee. Chai na kiazi.

Niliposhuka, watoto walikuwa wakinisubiri pale tangini, na wanawake, na Nzuki na kalamu yake. Walitaka namba nzuri. Niliiona nyusoni mwao, siku ya mvua kama hii nani anataka nyingine? Ningeitamka ile yao, wangepiga vigelegele. Nikasema dakika sita na sekunde hamsini. Mama mmoja akasema, "Haya, kisima cha mchanga tusikiache basi," wakaondoka na majembe.

Na pale kwenye kinu cha posho, nilimsikia bibi mmoja akimweleza mhudumu wa zahanati umri wa mjukuu wake. Amezaliwa mwezi uliopita, akasema, katika ule ukame. Upi? Mhudumu ni mgeni, wa Machakos. Bibi akamjibu kana kwamba jina hilo limekuwako tangu enzi za mababu, bila kunitazama, nami nimesimama na gunia la mahindi begani:

"Wa Arobaini."

Nilisema nitaupa jina mimi. Nimeupa.